Makaratasi ya Chumba cha Kulia

Jumamosi, Februari 16

Nimerudi nyumbani. Hospitali wamenipa daftari hili niandike kila siku nimepumua vipi. Nimepumua. Basi. Kurasa zilizobaki ni zangu.

Curtis, kijana wa kampuni ya oksijeni, alifika kabla hatujavua makoti. Mashine yake ni kubwa kama kabati dogo. Aliuliza naitaka wapi. Nikamwambia chumba cha kulia, maana ngazi siziwezi tena na kitanda changu kitateremshwa huko. Akafungua mlango. Akasimama.

Sikumlaumu. Sisi tumezoea. Meza haionekani. Viti havionekani. Katalogi, bahasha, magazeti ya maduka, kalenda za mashirika ya misaada, kuponi za pizza — kutoka sakafuni mpaka usawa wa dirisha. Katikati kuna kijia cha kupita mtu mmoja, tena kwa ubavu.

Aliongea kwa adabu. Oksijeni na karatasi havikai chumba kimoja, alisema, na moto ukianza humu mimi sina pa kutokea. Ameweka mashine sebuleni karibu na kochi, kwa muda tu. Atarudi Ijumaa ya Machi mosi. Akikuta hali ni hii hii itabidi aandike ripoti, na kampuni itaichukua mashine yao.

Bila mashine mimi siishi hapa. Hilo halikuhitaji kusemwa. Renae alilisema hata hivyo. Yeye ndiye mwanetu wa pekee, na toka utoto hapendi jambo libaki bila kusemwa.

"Mama, chumba kisipokuwa kitupu siku hiyo nakuchukua. Kuna nyumba nzuri ya wazee karibu na kwangu."

"Na baba yako?"

"Baba abaki na barua zake."

Lowell, mume wangu, alikuwa mlangoni na mkoba wangu wa hospitali. Alisikia. Akauweka chini polepole, akatoka kwenda kuangalia sanduku la barua.


Jumapili, Februari 17

Kanisani hatukwenda. Renae alikuja na mashine ya kukatakata karatasi, bado iko kwenye boksi lake, na mapipa mawili ya bluu.

Ametoa sheria. Barua isiingie ndani kabla haijaamuliwa. Unaisoma umesimama, juu ya pipa. Matangazo yanaishia hapo hapo. Yenye namba zetu za benki au za hospitali inaingia kwenye mashine. Ya kujibiwa inakwenda kwenye kikapu — kikapu kimoja, na kikijaa hakuna kuongeza kingine. Ni sheria nzuri. Ningeziweka mimi miaka hiyo wakati barua zilikuwa zinajaa kapu la mkate tu.

Lowell amepeleka barua za mji huu tangu ana nywele tele kichwani. Theluji, mbwa, mafuriko — hakuna aliyekosa barua kwake. Kazini kwao, kutupa kitu chenye jina la mtu ni kufukuzwa. Alipostaafu tabia hiyo akaja nayo nyumbani. Ina jina la mtu, Ardis, huwa ananiambia. Tena anazijibu! Za mashirika ya vipofu, mbwa waliopotea, misitu, wanajeshi. Anatia alama pale palipoandikwa kwamba kwa sasa hawezi kuchangia lakini angependa kuendelea kupata habari zao. Basi wanaendelea.

Leo Renae akiweka pipani, yeye anatoa.

"Baba, hii katalogi ni ya viatu vya farasi. Una farasi wewe?"

"Naweza kupata."

Nilicheka mpaka mrija ukanitoka puani. Ndicho kicheko pekee cha leo. Baadaye Renae alinyakua fungu zima la bahasha lililokuwa chini ya dirisha, na Lowell akamshika kifundo cha mkono. Hakumkaza. Lakini hajawahi kumshika hivyo, hata alipokuwa mtoto mtundu. Alimshika, akamwangalia kama anajiuliza huyu ni nani aliyeingia kwenye kituo chake cha posta.

Akamwachia. Akaomba radhi. Renae akasema si kitu. Akaenda jikoni akafungua maji, akayaacha yamwagike muda mrefu.


Jumatatu, Februari 18

Sikukuu ya serikali. Leo hakuna posta — na Lowell ndiye mtu wa kujua hilo kuliko wote. Lakini amevaa koti, amekwenda sandukuni. Karudi. Kaenda tena baada ya chakula. Nikamwambia leo ni sikukuu, baba. Akasema anajua, alikuwa anaangalia kama gari la kusukuma theluji limelifukia sanduku.

Halijalifukia. Naliona kutoka kwenye kochi.

Renae amerudi kwake Rochester. Kabla ya kuondoka aliniinamia akaniambia sikioni nisimtetee baba yake kila saa.


Jumatano, Februari 20

Theluji jana, theluji leo. Shule zimefungwa. Sisi tunafanya kazi.

Tumegawana. Yeye anabeba, mimi naamua, nikiwa nimekaa na mrija puani kama malkia na mnyororo wake. Nikichoka tunakunywa kahawa. Mapipa yakijaa anayavuta mpaka barabarani.

Na mimi napiga simu. Kila katalogi ina namba nyuma, unawaambia wakuondoe. Wengi wana adabu. Mmoja nilimpigia kuhusu katalogi ya mashuka inayokuja kwa jina la mama mkwe wangu. Nikamwambia mama huyo alishafariki, tena zamani. Binti akasema pole sana, halafu akauliza kama mteja angependelea apokee katalogi mara chache zaidi badala ya kusitisha kabisa. Nikamwambia mteja hana upendeleo wowote. Lowell alikuwa anasikiliza kwenye simu ya jikoni. Tulicheka wote wawili, huku na huku, mpaka yule binti naye akacheka.

Alipokuwa anacheka alikuwa Lowell wangu. Naandika hivyo maana siku hizi naanza kuhesabu.

Ukingo wa meza umeonekana. Mti wa mwaloni. Nilikuwa nimesahau rangi yake.


Alhamisi, Februari 21

Tumegombana. Gari la taka za karatasi lilipita asubuhi. Mchana nikakuta boksi mbili zimerudi, ziko nyuma ya mlango wa banda la gari, zimefunikwa na blanketi la gari. Alizirudisha kabla gari halijafika. Nikamwuliza. Akasema si yeye.

Nani basi, Lowell? Paka? Hatuna paka.

Akasema labda Renae. Renae yuko Rochester toka Jumatatu. Akaniangalia kwa hasira, halafu hasira ikaisha kabla hajamaliza kuivaa, akabaki na uso mtupu. Akasema, "Nilidhani kuna zangu humo."

Sikuuliza zipi. Niliogopa kujibiwa.


Jumamosi, Februari 23

Donna amevuka barabara na bakuli la tambi na samaki wa kopo. Tumekuwa majirani tangu watoto wetu wanagombea baiskeli moja. Alikaa, akasifu meza — nusu yake iko wazi sasa — halafu akaanza kuhusu dada yake.

Habari za Bev nazijua. Walitibuana mama yao alipokufa, nani achukue nini. Lakini vuli iliyopita Donna alijishusha. Alimwandikia barua ya mkono, akamwambia yaishe, Krismasi waile pamoja, amjibu tu. Bev hajajibu. Krismasi ikapita. Mwezi wa kwanza siku ya kuzaliwa ya Donna ikapita. Kimya.

"Mpigie simu," nikamwambia.

"Niliandika mimi. Zamu yake. Nishamwelewa, Ardis. Nimemaliza naye."

Anasema amemaliza lakini macho yalikuwa mekundu.

Halafu akasema jingine. Posta ya mtaa huu imeharibika. Mbegu alizoagiza hazijafika. Familia ya pale kona haijapata hati ya gari lao. Wamekwenda kulalamika posta, watu kadhaa wa mtaa, na Donna mwenyewe ametia saini. Ni yule msichana, alisema. Mai See. Ama anatupa, ama anaiba.

Mai See ndiye aliyechukua njia ya barua ya Lowell alipostaafu. Mtoto wa Wahmong waliohamia huku kutoka Asia, mdogo wa umbo, anatembea kama anakimbizwa. Lowell alitembea naye wiki za mwanzo bila kulipwa ili tu amwonyeshe ni mbwa gani wa kuogopa. Nikamwambia Donna msichana yule haibi.

"Basi zinakwenda wapi?" akasema.

Lowell alikuwa jikoni anaosha vikombe. Aliendelea kuosha.


Jumatatu, Februari 25

Sijui niandikeje.

Lowell alikwenda kwa kinyozi. Nikasema nifanye ile kona ya chini ya dirisha, fungu lile alilomzuia Renae. Mrija wangu unafika mpaka pale. Nikakaa sakafuni.

Juu kulikuwa na katalogi zetu. Chini yake si zetu.

Bahasha. Kadi. Gazeti la kanisa la wale wa kona. Boksi dogo la mbegu. Zote za mtaa huu, za majirani. Hakuna iliyofunguliwa. Zimefungwa kwa rababendi, fungu kwa fungu, nyumba kwa nyumba, kwa mpangilio anaoutembea mtu akianzia kanisani akaishia mtoni. Upande wa maandishi wote umeelekea juu. Mafungu mazuri. Nilikuwa nikimwona akifanya hivyo asubuhi, enzi zile, kwenye meza hii hii, akija kunywa kahawa na mkoba begani.

Fungu la Donna ni nene.

Nilikaa pale mpaka pumzi ikaniishia. Kidole nikakitia kwenye kipima oksijeni nilichopewa hospitali, namba sikuipenda. Niliinuka kwa kushika kiti. Nikayarudisha yote yalivyokuwa. Lowell akarudi na kichwa chake kimenyolewa vizuri, akauliza kama nimepumzika.

Nikasema ndiyo.


Jumanne, Februari 26

Nimemwuliza. Nilingoja amalize mayai yake. Nikamchukua mkono, nikampeleka chini ya dirisha, nikamwonyesha.

Hakushtuka. Alisema, kama mtu anayesema hali ya hewa, "Hizo ni za njia yangu. Nazipeleka baada ya kahawa."

"Lowell. Umestaafu."

"Najua nimestaafu."

Halafu akaziangalia tena. Akapiga magoti, akavuta fungu moja, akasoma jina. Akavuta la pili. Nilimwona akijua. Sijawahi kuona kitu kibaya kama kile, na nimeona wazazi wangu wakifa. Alijua yote kwa mara moja — nini alichokifanya, na kwamba hakumbuki kukifanya.

"Usimwambie Renae," akasema.

Tulikaa sakafuni wawili. Akaniambia siku nyingine anaamka na mkoba unamwuma begani, na mkoba haupo. Akaniambia kuna wakati anasimama barabarani na barua mkononi, hajui ni wakati wa kuleta au wa kuchukua. Anaona aibu kuuliza. Hivyo anakuja nazo ndani, zisilowane.

Zisilowane. Ndivyo alivyosema.

Kuchukua barua za watu ni kesi ya serikali kuu. Yeye ndiye aliyenifundisha hilo. Alikuwa akiwaambia watoto wa mtaa, kwa kuwatania, kwamba akiwakuta wamegusa sanduku la mtu watakula uji wa jela.

Alasiri Renae akapiga simu. Chumba kinaendeleaje, Mama? Nikasema vizuri. Baba je? Nikasema vizuri. Uongo unahitaji pumzi nyingi, nimegundua.


Jumatano, Februari 27

Nimeitoa mashine ya Renae kwenye boksi. Tumeanza na zetu, taarifa za benki za zamani, fomu za hospitali. Inanguruma, inameza, inatema uzi. Lowell analisha. Kazi nzuri, haifikirishi.

Wazo lilikuwa pale toka asubuhi, na wala sikulialika. Mafungu yale nayo ni karatasi. Nyumba nzima inatoa karatasi. Mji mzima unajua sisi akina Halvorsen tunafagia. Nani atauliza uzi huu ulikuwa bahasha ya nani? Kufikia Ijumaa chumba kitakuwa kitupu. Curtis atafurahi, Renae atafurahi. Lowell atakuwa amelindwa. Ataacha, nitamlinda, nitaenda sandukuni mwenyewe — na hapo nikakumbuka sandukuni siwezi kufika.

Nilimtuma Lowell akanunue maziwa. Nikachukua katalogi ya mbegu, ya wale wa kona. Katalogi tu. Ya mwaka jana, tena. Nikaitia.

Ilipita. Hakuna kilichotokea.

Nikachukua inayofuata, na inayofuata ilikuwa bahasha ya Donna. Nyekundu, ya Krismasi, mwandiko wa mkono. Juu kushoto, mahali pa mtumaji, ameandika Bev, na anwani yake ya Fargo. Chini yake nyingine, nyeupe, Bev tena. Na nyingine, ya mwezi huu huu.

Alijibu. Aliendelea kujibu.

Nikazima mashine. Nimekaa nazo mapajani, sijazifungua, si zangu. Nikimwambia Donna nampoteza Lowell. Nisipomwambia — huyu mwanamke amekuwa akivuka barabara na chakula, analia mbele yangu kwa kitu kilichokuwa hatua chache kutoka kitini pake.

Lowell karudi na siagi. Maziwa amesahau.


Alhamisi, Februari 28

Mai See alibisha hodi mwenyewe, saa ya barua. Kwa kawaida anaacha sandukuni na kupunga mkono. Leo akavua kofia. Masikio mekundu kwa baridi. Nikamwambia apite ndani, akasema haruhusiwi kukaa, akabaki kwenye kapeti la mlangoni na theluji ikimyeyukia miguuni.

Alikuwa anamtaka Lowell. Ameitwa ofisini. Kuna malalamiko ya mtaa mzima na Jumatatu watamhoji. Wameshamwambia ajiandae kutolewa kwenye njia, labda na kazini. Aliongea haraka, bila kulia. Kwa mitaa mingine, alisema, hana shida. Ni mtaa huu tu, na hajui ni kwa nini. Anaweka barua, kesho yake watu wanasema hawakupata.

"Mzee Lowell, wewe wanakuheshimu pale. Ungeniandikia mistari miwili tu. Kwamba ulinifundisha. Kwamba unanijua."

Nilimwangalia mume wangu. Nilitaka akumbuke. Nilitaka pia asikumbuke. Mungu anisamehe, vyote viwili kwa pamoja.

Hakukumbuka. Lilikuwa limeshamtoka, la Jumanne lote. Alisimama wima kama enzi zake na akamwambia, "Nitaandika, binti yangu. Tena si mistari miwili. Wewe hujapoteza hata moja, mimi naijua kazi yako. Na huyo anayegusa masanduku ya watu akikamatwa, wamfunge. Hilo nalo nitaliandika."

Mai See akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili. Akamshukuru. Akanishukuru na mimi! Kisha akasema, kwa kuwa bado ana haya, kwamba mzee amemsaidia sana majira haya, hasa siku ambazo theluji imefukia upande ule wa barabara. Sikuelewa anasema nini. Nilikuwa nasikia mashine yangu tu, ikivuta na kutoa.

Lowell amekaa mezani sasa. Meza nzima iko wazi, safi, na yeye amekaa mbele ya karatasi moja nyeupe na anaandika. Mwandiko wake bado mzuri. Nyuma yake, chini ya dirisha, nimefunika mafungu kwa blanketi langu la kufuma.


Ijumaa, Machi 1, asubuhi

Curtis kaja. Alifungua mlango wa chumba cha kulia akapiga mluzi. Ukuta mtupu, sakafu inang'aa, meza tumeisogeza pembeni. Kitanda changu kimeshateremshwa na vijana wa kanisa. Akaihamisha mashine, akapima, akatia saini. "Mama, hii ni nyumba nyingine kabisa," akasema. Lowell akampigia saluti.

Blanketi hakuliulizia. Kikongwe na blanketi lake, nani atauliza?

Renae alipiga nikampa habari. Akalia kwa furaha. Akaomba radhi kwa aliyoyasema kuhusu baba yake. Akasema wikiendi ijayo atakuja na keki. Nilisema karibu mwanangu.

Nimepata nilichokitaka. Nabaki nyumbani. Nimekaa kwenye kitanda changu, katika chumba changu, na pumzi haishuki.

Ile barua aliyomwandikia Mai See iko mezani, imekunjwa, ina stempu. Nimeisoma. Ni nzuri. Amesema uaminifu wa mpeleka barua ni kitu ambacho watu hawakioni mpaka kipotee. Amesema anaapa kwa jina lake.

Hapana. Hapana, siwezi.

Nimempigia Donna. Nimemwambia avuke.


Ijumaa, alasiri

Lowell nilimwambia akatoe theluji mlangoni kwa Donna, atupishe. Alifurahi. Anapenda kutumwa.

Donna alikuja na koti juu ya aproni. Akaanza kusifu chumba. Nikamwambia akae. Nikaondoa blanketi.

Mwanzo hakuelewa. Aliona jina lake, akatabasamu — alidhani nimemwandalia kitu. Kisha akaona bahasha nyekundu. Nilimweleza nikiwa nimeangalia mikono yangu. Sikumtetea Lowell. Nilisema tu ilivyo: hajui, na akijua anasahau. Nilisema Mai See hana kosa hata chembe. Nilisema katalogi moja ya wale wa kona niliikata mwenyewe.

Alifungua ile nyekundu kwa kidole, ikachanika vibaya. Akasoma. Akafungua ya pili. Ya tatu alisoma akiwa amesimama. Uso wake siwezi kuuelezea, na nimeufahamu uso ule nusu ya maisha yangu.

"Alikuwa anakuja," akasema. "Krismasi. Alisema nikinyamaza atajua sitaki."

"Donna."

"Nilimpikia nani, Ardis? Nilikaa na ile nyama peke yangu."

Nilinyoosha mkono. Hakuushika. Hakuupiga pia. Alikusanya fungu lake, akalibana kifuani, akauliza jambo moja tu — Renae anajua? Nikasema bado. Akatikisa kichwa, sijui kwa lipi, akatoka. Bakuli lake la tambi liko hapa, hakulichukua.

Namwona kutoka kitandani. Dirisha hili sasa linafunguka mpaka chini, hakuna kinachoziba. Ameingia kwake. Amepita kando ya Lowell bila kumsalimia, na yeye akajisogeza kumpisha, akaendelea kuchota. Sasa yuko dirishani pake na simu sikioni. Bado koti hajavua. Anangoja upande wa pili waitike. Fargo? Posta? Renae? Namba ya Renae anayo, toka zamani anayo.

Gari la Mai See limekata kona. Linakuja taratibu. Upande wa Donna rundo la theluji ni refu, sanduku halifikiki. Amesimama katikati ya barabara. Ameshusha kioo. Lowell ameegemeza koleo, anamwendea, wanaongea. Anamchekesha kitu. Msichana anacheka — sijamwona akicheka wiki nzima.

Anampa barua zetu. Halafu anampa na za Donna.

Ndivyo inavyokuwa. Kumbe ndivyo zinavyomfikia mikononi.

Gari limeondoka. Donna anaongea na mtu sasa, midomo inakwenda, na anamwangalia mume wangu. Lowell yuko katikati ya barabara, mafungu mawili, mkono huu na mkono huu. Anaangalia nyumba yetu. Anaangalia ya Donna. Nimejaribu kufungua dirisha nimwite lakini limeganda, na mrija haunifikishi mlangoni.